Dredi changa zinapokusumbua: soma dalili kabla hujashika kitana

Kabla hujauliza dredi zako zina ugonjwa gani, hesabu kwanza zina miezi mingapi. Dalili ileile ambayo mwezi wa 2 ni ya kupuuza, mwezi wa 14 inaweza kuhitaji mkono wa fundi. Kufumuka, kuvimba, kusimama ovyo, kufupika: hayo ni mambo ya utoto wa dredi, na matatizo mengi ya kweli huzaliwa pale mtu anapoanza kuyatibu. Ila zipo dalili zisizojali umri: maumivu, usaha, harufu ya uvundo, na nywele za kwenye panja kupungua. Hizo hazisubiri, hata kama dredi zina wiki moja.

Inafaa ujue pia dredi inavyojifunga, maana maamuzi yote yaliyo hapa chini yanatoka huko. Kichwa cha kawaida hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwa mtu anayechana, zinaondoka na kitana. Ndani ya dredi hazina pa kwenda. Zinabaki humohumo, zinajizungusha kwenye zile ambazo bado zina mizizi, na magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele yanakamatana. Kila zinapolowa na kukauka, kila unapogeuka kitandani, zinakazana kidogo. Nywele za kipilipili zilizojikunja sana huanza kutoa kinundu kigumu ndani ya dredi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, hufunga kwa sehemu kubwa kufikia mwaka, na hukomaa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Nywele laini huchelewa, na za singa zinaweza kudai miaka 2 au zaidi. Kwa kuwa nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, pale kwenye mzizi kutakuwa na sehemu isiyofunga siku zote, hata dredi zikifika miaka 10.

Zinafumuka

Angalia zinafumukia wapi, kwa sababu ncha, mzizi na katikati kila kimoja kina kisa chake.

Zikifumuka kwenye ncha, mara nyingi njia uliyoanzia ndiyo inayosema. Twisti za mafungu mawili na mabutu hushika vizuri mwilini lakini ncha zake huachia, hasa kama nywele ni laini kuliko ulivyodhani. Viringisha ncha kwenye kidole ikiwa mbichi, iache ikauke bila kuiguza, basi. Usifunge mpira. Mpira unabana, unakata, na siku ya kuutoa unaondoka na sentimita kadhaa za nywele. Kama ncha zimenyooka kabisa na hazijikunji hata zikilowa, huenda ni nywele za zamani zilizowekwa dawa ya kunyoosha. Hizo hazitafunga, na jeli haitazibadilisha tabia. Zikate sasa, au subiri zile za asili zikue kiasi cha kutosha, kisha uzikate.

Zikifumuka kwenye mzizi siku unayoosha, tazama unavyoosha. Mtu mwenye dredi za wiki 3 akikisugua kichwa kwa vidole vyote 10, akitengeneza povu kama alivyozoea zamani, atarudi mwanzo. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, vaa wavu mwembamba au soksi ndefu ya nailoni kichwani, mimina kwenye njia zilizo kati ya dredi, kisha bonyeza na kukanda kwa ncha za vidole juu ya huo wavu. Maji yapite kutoka juu kwenda chini. Kwa dredi zilizoanzishwa kwa kusokotwa na kitana, mpe mkono wako likizo ya wiki 2 hadi 4 kabla ya kuosha mara ya kwanza. Za twisti au mabutu huvumilia mapema zaidi. Wanaokuambia usioshe kwa miezi 3 hadi 6 wanakutafutia mba: nywele safi hufunga vizuri kuliko zenye mafuta, kwa sababu mafuta huzifanya ziteleze.

Hapo ndipo kondishena nayo inapoingia. Kazi yake ni kulainisha na kuachanisha nywele, na wewe unataka zishikane. Iache pembeni katika miezi ya mwanzo. Siagi nzito za nywele na mafuta ya kumwagia nayo yasubiri.

Zikifumuka katikati huku mzizi na ncha vimeshika, kwa kawaida fungu lilisokotwa kwa mvuto usio sawa, ama mahali hapo pana nywele zenye mkunjo mwingine. Watu wengi wana nywele laini zaidi kisogoni au karibu na paji kuliko utosini, kwa hiyo dredi 10 za nyuma zitakawia hata kama zile 70 nyingine zimetulia. Usizisokote mara mbili zaidi ya wenzake ili zifukuzie. Ziache zichelewe.

Zikifumuka baada ya mwezi wa 8 au wa 9, na zote kwa pamoja, ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Kichwa kinawasha

Muwasho wa siku 3 hadi 7 za mwanzo, bila vipele wala ngozi kutoka, ni wa mvuto pamoja na ngozi ambayo ghafla iko wazi kwenye njia. Maji yaliyopuliziwa kwa chupa, yenye matone machache ya aloe vera au glisirini, yanatosha. Bonyeza panapowasha kwa ncha ya kidole. Ukijikuna kwa kucha unaivuta mizizi na kuchubua ngozi, na mchubuko ni mlango wa bakteria.

Muwasho unaoanza saa chache au siku chache baada ya kupaka kitu, ukiambatana na wekundu au malengelenge, hasa pembeni ya paji, nyuma ya masikio na shingoni ambako bidhaa huteremkia, ushuku bidhaa hiyo. Mafuta makali ya mimea yasiyochanganywa na mafuta mengine ni mkosaji wa mara kwa mara. Manukato ya jeli pia. Osha, acha kutumia, na usiijaribu tena "kidogo tu".

Mba ni habari ndefu kidogo. Ngozi kavu hutoa vumbi jeupe, jepesi, linalopeperuka, na kichwa hujisikia kimekaza. Mba wenyewe hutoa magamba makubwa kidogo, ya manjano au yenye utelezi, yanayong'ang'ania ngozi. Nyuma yake kuna fangasi wadogo waitwao Malassezia, ambao huishi kwenye kichwa cha kila mtu na hula mafuta ya ngozi. Ndiyo maana kumwagia mba mafuta ya nazi au ya nyonyo kila siku, ushauri unaotolewa kwa nia njema kabisa, mara nyingi huongeza tatizo. Shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2 hutumika mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4, na lazima ikae kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kuisuuza. Watu huipaka na kuisuuza papo hapo, halafu wanasema haifanyi kazi. Zipo pia zenye zinki pirithioni. Yote haya yanawezekana kwenye dredi changa kwa ile njia ya chupa na wavu. Ikibidi uchague kati ya mizizi nadhifu na ngozi nzima, chagua ngozi. Mizizi utaisokota tena.

Kuna mambo matatu ambayo usiyatibie nyumbani kwa kubahatisha. Kiraka cha mviringo chenye magamba na nywele zilizokatikia usawa wa ngozi ni dalili ya mapunye, yanayowapata zaidi watoto. Dawa ya kupaka haiwezi kufika kwenye mzizi wa unywele, kwa hiyo mgonjwa huandikiwa dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Na mtu mwenye mapunye asisokotwe kwa vifaa vinavyotumika kwa wengine. Pili, magamba manene yenye rangi ya fedha yanayovuka mstari wa nywele na kutokea pajini au nyuma ya sikio huenda yakawa soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Tatu, vipele vyenye usaha kwenye mizizi ni maambukizi ya vishimo vya nywele. Kama ni vichache na vimetokea baada ya kusokotwa kwa nguvu, legeza, osha, acha kuguza. Vikiongezeka, ukipata homa, au tezi za shingo zikivimba, nenda hospitali.

Chawa nao huingia kwenye dredi, usafi haujalishi. Mayai yao yamegandia kwenye unywele karibu kabisa na ngozi na hayapukutiki ukiyagusa, tofauti na mba. Kitana cha chawa hakipiti humo, kwa hiyo mweleze mfamasia mapema kwamba una dredi ili akupe dawa isiyotegemea kuchana.

Kuna vitu vyeupe ndani

Vitu vyeupe viko vya aina tatu, na tiba ya kimoja haisaidii kingine. Lowesha dredi moja kwa maji ya vuguvugu na uibane kati ya vidole. Ukitoka ute wa kijivu, au vidole vikahisi utelezi kama wa sabuni iliyoloa, hayo ni mabaki ya jeli, nta, siagi au shampuu isiyosuuzika. Ukiona nyuzi zinazoweza kushikwa na kibano, ni nyuzi za taulo, mto, kofia ya sufu au shuka. Kama weupe uko kwenye ngozi na karibu na mzizi tu, rudi kwenye sehemu ya mba.

Nyuzi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu haziyeyuki kwa chochote. Ukiziona juu juu, zitoe kwa kibano siku hiyohiyo. Dredi ikishafunga juu yake, umebaki na njia mbili: kuitia rangi nyeusi au kuizoea. Kinga yake ni rahisi hata inachosha kuirudia: kilemba au foronya ya satini au hariri usiku, taulo la rangi inayokaribia nywele zako, au tisheti ya zamani badala ya taulo. Nguo zenye manyoya na kofia za kuunganishwa na jaketi zina madhara yaleyale mchana kutwa. Vaa satini chini yake.

Mabaki hutoka, ila kwa subira. Chini ya miezi 6 usizame kwenye beseni, utazifumua. Badilisha shampuu uchukue isiyo na krimu wala rangi ya maziwa, osha mara 2 mfululizo, na usuuze muda mrefu kuliko unavyoona inatosha, mpaka maji yanayotoka ukibana yawe safi. Dredi zilizofunga zinaweza kulowekwa dakika 10 hadi 15 katika maji ya vuguvugu yenye vijiko vichache vya soda ya kuokea mikate, zisuuzwe, kisha zimiminiwe siki ya tufaha iliyochanganywa na maji mengi, kipimo 1 cha siki kwa 4 vya maji au hafifu zaidi, na zisuuzwe tena. Soda na siki visiingie beseni moja kwa wakati mmoja. Povu linapendeza macho, lakini vinauana na unabaki na maji ya chumvi. Na jambo hili lisiwe la kila mwezi. Ngozi ya kichwa ina pH (kipimo cha asidi) inayokaribia 5.5 na maji ya soda yanapita 8. Ukizidisha, nywele zinakauka na kukatika. Mara 2 au 3 kwa mwaka zinatosha kabisa, na mwenye nywele zilizotiwa rangi aache.

Nta nina ugomvi nayo. Inashika uzuri siku ya kwanza, ndiyo maana inapendwa, kisha haiyeyuki kwenye maji, inanasa vumbi, na ikiingia kiini cha dredi haitoki kwa wiki wala kwa mwezi. Kama umeshaipaka, maji ya moto kiasi unachovumilia na sabuni kali ya kukata grisi, mara kadhaa kwa wiki kadhaa, vitaipunguza. Usikae na draya ya moto ukidhani unaikausha. Unaiyeyusha ndani zaidi.

Zinanuka

Nusa zikiwa kavu, kisha nusa zikiwa mbichi. Harufu inayokuwepo zikiwa kavu na kuondoka ukiosha ni jasho na mafuta ya siku nyingi. Osha mara nyingi zaidi, kila wiki 1 hadi 2. Harufu ya uvundo, ya nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo, inayofufuka kila zinapolowa, maana yake kiini cha dredi hakikauki na kimeanza kuota ukungu.

Chanzo karibu kila mara ni kulala na dredi mbichi au kuzifunga kilemba kabla hazijakauka. Dredi nene inaweza kuonekana kavu nje huku ndani ina maji kwa saa nyingi. Osha asubuhi. Kamua kwa tisheti, dredi chache kwa mpigo, bila kuzipinda. Ziache wazi kwenye hewa, malizia kwa draya ya moto mdogo ikielekezwa kwenye mizizi, na usiku ukiingia bado zina ubaridi ukizishika mkononi, rudia draya. Mwenye kufanya mazoezi kila siku akaushe jasho vilevile. Jasho nalo ni maji.

Uvundo ukiwa mpya, kuosha vizuri, kumimina siki hafifu na kukausha kikamilifu kwa wiki kadhaa huumaliza. Ukikaa miezi, na ukikata ncha ya dredi moja ukaona kiini cheusi au chenye vumbi la kijivu, hakuna marashi yatakayokiokoa. Kata mpaka penye usafi.

Mizizi inakonda, au nywele za mbele zinaondoka

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe na mtu ambaye bado hana dalili yoyote.

Dredi inaponing'inia kwa nyuzi chache, au unapoona njia zinapanuka pajini na kwenye panja, mzizi unavutwa kuliko unavyoweza kubeba. Wahusika wanajulikana: kusokotwa kila wiki 1 au 2 kwa sababu hupendi kuona manyoya (nywele zilizochomoka nje ya dredi), mitindo ya kuvuta dredi zote juu kwa siku nyingi, kuongezewa nywele nzito kwenye dredi changa, na mafungu madogo mno yanayotarajiwa kubeba dredi ndefu. Ishara za mapema ni maumivu, vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, na vijivipande vyeupe vinavyozunguka shina la unywele karibu na ngozi kama mkufu. Katika hatua hii, ukilegeza, nywele huota tena. Mvuto ukiendelea kwa miaka, vishimo vya nywele huziba kwa kovu na upara unakuwa wa kudumu. Ngozi ya hapo hulainika na kung'aa, vitundu havionekani tena.

La kufanya leo: fumua mtindo. Sokota kila wiki 4 hadi 8, ukikaribia 8 kuliko 4. Mwambie msusi kabla hajaanza kwamba hutaki maumivu, na ukiyahisi sema hapohapo kwenye kiti. Kuona aibu kuna gharama hapa. Kichwa kinachokudai kidonge cha maumivu ili ulale kimesokotwa vibaya, hata kama njia zimenyooka kama rula. Dredi ambayo mzizi wake umeshakonda isisokotwe kabisa. Iunganishe na jirani yake wakati mizizi yote miwili bado ina uhai, ama iache peke yake bila kuguswa kwa miezi kadhaa.

Si kila kukonda kunatokana na mkono. Mama aliyejifungua anaweza kuona nywele zinapukutika kwa wingi kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4 baada ya uzazi, na hali hiyo kwa kawaida hutulia ndani ya mwaka. Homa kali, operesheni au kupungua uzito ghafla huleta mpukutiko kama huo, nao huja miezi 2 au 3 baada ya tukio, kwa hiyo watu hawauunganishi na chanzo chake. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huonekana kwa vipimo vya damu. Kukonda kunakoanzia katikati ya utosi na kupanuka taratibu, hasa kwa wanawake, pengine kukiwa na kuchoma au kuwasha, kunahitaji daktari wa ngozi haraka. Aina mojawapo huacha kovu lisilorudisha nywele.

Zinashikana zenyewe kwa zenyewe

Nywele za pembeni ya kila kisanduku, yaani kipande cha ngozi kinachobeba dredi moja, huvuka mpaka na kujisokota na za jirani. Baada ya kila kuosha, zikiwa na unyevu, shika dredi mbili mbili na uziachanishe taratibu hadi kwenye ngozi. Ukifanya hivyo kila wiki hutasikia kitu. Ukiacha miezi 3 utasikia. Zilizoungana kwa nywele chache unaweza kuzikata kwa mkasi mdogo wenye ncha. Zilizoungana kwa unene wa kidole ni dredi moja sasa, na mara nyingi ni busara kuzikubali.

Wengine huacha ziungane kwa hiari, na hiyo ni mitindo ya kuachia ambayo ina uzuri wake. Hata huko angalia zinazoungana zisivutane pande mbili tofauti.

Zimevimba, zimejipinda, zimelala bapa, zimefupika

Haya yote katika mwaka wa kwanza ni ya kupita. Uvimbe wa katikati ni pale nywele zilipoanza kujifunga. Kufupika kunatokana na nywele kujikunja ndani ya dredi, na nywele za kipilipili zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya urefu wake wa macho katika miezi hii kabla uzito haujazivuta chini tena. Bapa inatokana na kulalia upande mmoja. Ziviringishe kwa viganja zikiwa na unyevu. Pindo linalojitokeza pembeni kama kipini liache, au lirudishe ndani kwa sindano ya kroshia, mara moja. Usilikate, maana pindo hilo ni unywele uliopinda wenye pande mbili, na ukikata unapata ncha mbili.

Kuna tundu katikati ya dredi

Hili huwapata wanaokaza mizizi kwa kupitisha ncha ya dredi ndani ya mzizi badala ya kusokota. Njia ni nzuri kwa nywele laini, kwa wanaotoka jasho jingi na kwa wanaoogelea, kwani haifumuki kwa maji. Ila kila mpito lazima utoke upande mwingine: juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto, chini kwenda juu, kushoto kwenda kulia. Ukipitisha upande uleule kila mara, mzizi unapasuka sehemu mbili na tundu linazaliwa. Ukikaza mpaka karibu kabisa na ngozi, unazalisha lile tatizo la mizizi kukonda. Acha nafasi kidogo ili dredi iweze kugeuka.

Tundu dogo huzibwa kwa sindano nyembamba ya kroshia, ya milimita 0.5 hadi 0.75, kwa kuvuta nywele za pembeni ziingie ndani. Fundi ashone taratibu. Sindano hukata nywele, na ukisikia mlio wa kukatika kila anapovuta, mwambie asimame.

Ni kavu, zinakatika katikati

Shika dredi uihisi kwa urefu wake wote. Panapolegea na kuwa pembamba ghafla pana historia: rangi au blichi, soda iliyozidi, joto, mpira uliokaa miezi, au mahali ulipozoea kufungia kila siku. Rekebisha kilichosababisha, kisha unyevu: maji kwanza kwa chupa ya kupuliza, halafu matone machache ya mafuta mepesi kama ya jojoba ili kuyazuia yasitoke. Mafuta peke yake juu ya nywele kavu huzifanya zing'ae tu. Blichi isubiri mpaka dredi zikomae.

Mwaka umepita na bado hazifungi

Kwanza hakikisha kweli hazijafunga. Bana dredi katikati: kukiwa na kitu kigumu ndani hata kama nje ni manyoya, imefunga, na manyoya yatapungua au utayazoea. Ikiwa laini yote na ukiilowesha inakuwa nywele tupu, pitia haya kwa mpangilio huu: je, unazisokota zaidi ya mara moja kwa mwezi? Unatumia kondishena au siagi? Jeli yako imejenga gamba linalozuia nywele kugusana? Nywele zina dawa au ziliwahi kunyooshwa kwa joto la mara kwa mara? Jibu moja la ndiyo kwa kawaida linatosha. Liondoe, osha kwa shampuu safi mara 1 kwa wiki, na usizisokote kwa miezi 2 hadi 3 mfululizo. Zitaonekana ovyo. Kama nywele ni laini kwa asili, badili njia: kukaza kwa kupitisha ncha, au kroshia kwa fundi anayeijua.

Na kama umeamua huzitaki tena, dredi za miezi michache zinafumuliwa bila wembe. Loweka kwa kondishena nyingi, anzia kwenye ncha, tumia ncha ya mkia wa kitana, na ujipe siku 2 au 3 badala ya usiku mmoja. Utatoa lundo la nywele litakalokutisha. Piga hesabu: nywele 50 hadi 100 kwa siku kwa siku 120 ni kati ya 6,000 na 12,000, na zote zilishadondoka kabla hujaanza kufumua. Kichwa cha mtu kina nywele karibu 100,000. Baada ya hapo kiache wiki kadhaa bila mtindo wowote wa kubana, uone mstari wa mbele umekaaje, ndipo uamue kuanza tena au la.